Maziwa Niliyopitisha Bila Kuyanusa

Kwenu mnaoketi kwenye benchi la kliniki mkingoja kuitwa: salaam aleikum kwa wenye kuitikia hiyo, na kwa wengine, poleni na kungoja. Naitwa Buke. Naishi hapa Isiolo mjini na nimekaa kwenye hilo benchi mara nyingi. Upande wa ukutani una msumari, msikalie huko.

Anayenishauri hapa, ndugu Ekiru, aliniomba niandike jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopata nafuu, ili msome mkingoja. Nilimwambia nimesoma hadi darasa la saba tu. Akasema darasa la saba linatosha kwa kusema ukweli. Sina hakika, lakini nimejaribu. Nina tabia ya kuandika kila siku kidogo kwa daftari, kwa hivyo mengi nimeyatoa huko. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa maziwa. Maziwa ya ngamia yanatoka Kulamawe na vijiji vya huko, yanafika mjini kwa pikapu kabla ya saa tano, kwa mitungi ya manjano. Kila mama aliyekama amefunga kitambaa chake kwenye mkono wa mtungi, mmoja kijani, mwingine wa maua, ili usipotee. Sisi wa kikundi tunapokea. Mtu mmoja anafungua kila kifuniko, ananusa, akiwa na shaka anadondosha tone kwa kiganja anaonja. Halafu anasema neno moja. Akisema "Nairobi," mtungi unamiminwa kwa pipa la baridi na jioni maziwa yanasafiri. Akisema "susa," basi yameanza kuchacha, yanawekwa kando yalale yawe maziwa lala. Pipa ni moja. Mtungi mmoja ukikosewa, pipa lote limeharibika.

Huyo mtu wa kunusa nilikuwa mimi, kwa miaka tisa. Sisemi nilikuwa hodari kuliko wengine. Mama yangu ndiye alikuwa na pua, mimi nilirithi kidogo. Lakini akina mama waliniamini, na dada yangu mkubwa Darmi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, alikuwa akisema mbele ya watu, "Buke akisema Nairobi, hata mimi siendi kuangalia."

Nina mume, Halake, anayekaa na ngamia zetu upande wa Kulamawe na kuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Nina mtoto mmoja, Talaso, ambaye wakati huo alikuwa darasa la kwanza.

Mama aliugua akiwa Garbatulla. Nilikaa naye miezi miwili, nikimgeuza, nikimsafisha, nikimlisha uji kwa kijiko. Alipofariki tulimwosha mimi na Darmi. Darmi alilia hadi sauti ikakauka. Aligombana na wachimba kaburi, akagombana na shemeji, akazimia kidogo, akapewa maji. Mimi sikulia. Nilipika, nikapokea wageni, nikahesabu vikombe visipotee. Watu walisema, "Mwangalie Buke, ametulia. Mungu amempa moyo." Nilifurahi kusifiwa. Ni vizuri niseme hivyo, kwa sababu ni kweli.

Wiki sita hivi baada ya hapo, nikiwa nafungua kifuniko, niliangalia mikono yangu nikaona ni mikono ya mtu mwingine. Sijui niseme vipi. Ilikuwa na hina yangu na kovu langu la kidole. Lakini ilikuwa mbali, kama mtu anafungua mtungi mbele yangu na mimi namtazama. Nikasikia sauti inasema "Nairobi," na ilikuwa sauti yangu, lakini ilitoka kando yangu. Ilichukua kama dakika kumi. Moyo ulidunda, jasho likanitoka mgongoni, nikasema ni njaa.

Haikuwa njaa. Ilirudi kesho kutwa yake, halafu kila siku, halafu ikakaa. Barabara, maduka, mbuzi wanaopita, vyote vikawa kama picha iliyobandikwa. Watu walizungumza na mimi nikajibu vizuri tu, hata nikacheka mahali pa kucheka, lakini nilikuwa nyuma ya kitu, kama kioo cha dirisha. Chakula kilikuwa kama karatasi. Nikijiangalia kwa kioo, nilijua huyo ni Buke, na hapo hapo nikawa simfahamu. Nilijifinya mapaja hadi yakawa na alama za bluu.

Pia sitaficha hili: nilianza kutafuna miraa. Jirani yangu wa kibanda, Mama Kendi, mama wa Kimeru, anauza. Nilimwambia nasinzia kazini. Akanipa kichele, aina moja ya miraa, bure, kwa upendo. Mwanzoni ilikuwa kidogo, baadaye ikawa kila siku, na usingizi ukaisha kabisa. Simlaumu. Alipojua alilia kuliko mimi.

Na harufu ikaondoka. Haikuondoka yote kwa mara moja. Moshi ulikuwepo lakini mbali, halafu moshi ukaenda. Nilikuwa nainamia mtungi, navuta hewa, na hewa inaingia tu, tupu.

Mtu mwenye akili timamu angesema, "Jamani, leo sinusi, ninusieni." Mimi sikusema. Niliogopa mambo mawili. La kwanza, wataona nimerukwa na akili. La pili, na naona aibu kuliandika, nilichukia kuwasumbua. Kwa hivyo nilianza kuangalia vitambaa. Miaka tisa nilijua maziwa ya nani hukaa vizuri na ya nani huwa na shida wakati wa joto. Nikiona kijani nasema Nairobi. Nikiona cha maua nasema Nairobi. Nilikuwa nafungua kifuniko, nainama, navuta hewa kama mtu anayenusa, halafu nasoma kitambaa. Nilifanya hivyo siku kumi na mbili. Nimehesabu kwa daftari.

Siku ya kumi na tatu, simu ilitoka Nairobi asubuhi. Pipa lote limechacha. Limemwagwa.

Darmi alikuja kwa hatua zake zile za kupasua ardhi. Akina mama wote walikuwa wamekaa wakiosha mitungi.

"Buke, ni mtungi wa nani?"

Sikujua. Ungekuwa wowote. Hapo ndipo nilipaswa kusema sijui. Nikasikia ile sauti ya kando yangu ikisema, "Kitambaa chekundu."

Kitambaa chekundu ni cha Ako Gumato. Ako ni nyanya kwa Kiborana, na kila mtu anamwita hivyo. Ni mjane, ana ngamia wanne wa kukamwa, anakaa mbali kupita wote, na anasomesha wajukuu wawili. Kwa nini nilimtaja yeye? Nimejiuliza kurasa nyingi. Nadhani ni kwa sababu alikuwa mbali na hangenitazama usoni.

Darmi akasema, "Mzee yule amezembea mitungi yake. Maziwa yake yasipokelewe wiki tatu."

Basi pikapu ikafika siku iliyofuata, na mtungi wenye kitambaa chekundu ukarudishwa umejaa. Siku ya pili ukarudishwa umejaa. Siku ya tatu haukuja. Nilijua napaswa kuona aibu, na niliijua aibu ilipo, lakini ilikuwa kama kitu kiko kwa nyumba ya jirani. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mikono. Nilisema moyoni, kumbe mimi ni mtu mbaya, na ugonjwa ni kisingizio tu.

Jumamosi moja Talaso alikuwa amekaa mapajani mwangu nikimsuka. Akageuka, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Mama, uko?"

"Niko."

"Wapi?"

Nikamaliza kumsuka. Nilimpenda, nilijua nampenda, kama vile unavyojua jina la mji ambao hujawahi kufika. Nilienda jikoni, nikaweka kiganja kwa sufuria ya chai iliyokuwa inachemka, nione kama kitauma. Kiliuma kwa mbali. Lengelenge likatokea kubwa kama yai. Tafadhali, msifanye hivyo. Haikunirudisha popote, na sufuria hiyo angeweza kuigusa mtoto.

Darmi aliliona lile lengelenge. Hakuuliza mara mbili. Alinishika mkono mwingine akanipeleka kwa sheikh wa mtaa wetu, kwa sababu aliamini nimeingiwa na pepo. Sheikh alinisomea, nikatulia kidogo, na siwezi kusema haikunisaidia. Lakini yeye mwenyewe alisema, "Dua tutaendelea nayo. Huyu apelekwe hospitali leo, si kesho."

Darmi akanipeleka, na daktari alinipima damu na presha. Akaangalia ndani ya pua kwa taa. Akauliza kama nimewahi kuanguka kifafa, kama nimegonga kichwa, kama nasikia sauti zinazoniamuru. Nikasema hapana yote. Akauliza natafuna nini, kwa sababu alikuwa ameona meno yangu yamebadilika rangi. Nikamwambia. Ndipo akanituma chumba cha mwisho, kwa ndugu Ekiru.

Ekiru ni Mturkana, mpole, ana mazoea ya kukaa kimya hadi wewe uchoke kukaa kimya. Nilimwambia, "Sina neno lake. Mimi niko lakini siko." Nikangoja acheke. Hakucheka. Alisema amesikia maneno hayo hayo kwa watu wengi, walimu, askari, mama wa kuuza mboga.

"Nimekuwa mwendawazimu?" nikauliza.

"Mkono huu ni wa nani?"

"Ni wangu. Lakini siusikii kuwa wangu."

"Basi unajua ni wako. Akili yako inajua vizuri sana, na ndiyo maana unaogopa. Kilichozimika ni ile hisia. Mwili ukibanwa sana na uchungu au hofu, wakati mwingine unaipunguza kama taa, ili usiungue. Shida ni kwamba yako imekaa chini, haijapandishwa."

Nililia hapo? Sikumbuki. Daftari linasema tu, "Leo nimeambiwa si wazimu. Mvua kidogo."

Mara ya pili akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Wewe ni mtu wa namna gani?"

Nikamjibu, "Sijui. Nitauliza watu."

Akacheka sana, akasema hilo nalo ni jibu. Lakini aliniambia nenda kaulize kweli, na uandike. Niliuliza watu wanne.

Mama Kendi alisema, "Wewe? Wewe ni kama mgeni kwa nyumba yako. Unauliza kama unaweza kukaa."

Halake, kwa simu, alisema, "Hujawahi kuniambia hapana tangu tuoane. Nilidhani ni bahati."

Talaso alisema, "Mama anajiangalia kwa kila dirisha la duka. Si kupendeza. Ni kuangalia tu."

Darmi alisema, "Ukikanyagwa mguu, ni wewe unaomba msamaha. Hata kwa mazishi ya mama ulikuwa unauliza wachimba kaburi kama wamechoka!"

Ekiru alisoma yote mara mbili. Nitaandika alivyonieleza kama nilivyoelewa, na kama nimekosea kosa ni langu. Alisema tabia haileti ugonjwa huu kama mbu anavyoleta malaria. Mtu wa aina yoyote anaweza kuupata, hata mwenye kelele, hata mwenye furaha. Lakini kuna watu ambao unawapata kwa urahisi zaidi na unakawia kwao: wenye wasiwasi mwingi, wanaojikunja ndani, wanaoficha uchungu ili wasisumbue, na wanaojitazama kila saa kama wanatembea nyuma yao wenyewe. Mtu kama huyo akiona mkono umekuwa mgeni, hauachi. Anautazama asubuhi, mchana, jioni. Na kadiri anavyoutazama, unazidi kuwa mgeni.

"Kwa hivyo tabia yangu ni mbaya," nikasema.

"Nani amesema? Pua yako ya miaka tisa ilitoka wapi? Si ni kwa mtu anayeangalia kwa makini? Hatubadilishi wewe uwe Darmi. Tunakufundisha wakati wa kuacha kujitazama."

Nilipunguza miraa hadi nikaacha. Wiki ya kwanza nilisinzia kama mtoto na kichwa kiliniuma. Ekiru akanipa na kazi: kila asubuhi nifukize mtungi wangu wa nyumbani. Sisi tunafukiza mitungi kwa kijiti cha ejersa, mti mgumu wa mlimani, unawashwa unazimwa unaingizwa ndani ukitoa moshi, ndio unalinda maziwa. Akasema, "Mwili wako uliujua moshi kuliko kitu chochote. Kaa nao. Usijiangalie ukinusa. Nusa tu. Ukikuta umeanza kujiangalia, rudi kwa moshi, bila kujigombeza."

Ilikuwa vigumu. Mimi hujigombeza hata nikigombeza kujigombeza.

Halafu akauliza, polepole, "Kuna kitu unaogopa watu wakijue?"

Ndipo nikamwambia habari ya kitambaa chekundu. Hakuniambia nifanye nini. Nilitamani aniambie. Alisema tu, "Umebeba mtungi wa mtu."

Nilikaa na hilo siku nne. Wiki tatu za adhabu zilikuwa zimekwisha, lakini Ako Gumato hakuwa ameleta maziwa tena. Madereva walisema ameona haya. Siku ya tano, mitungi ikiwa inaoshwa, nilisimama mbele ya wote.

"Dada Darmi. Siku lile pipa lilipochacha, sikuwa nimenusa."

"Hukunusa mtungi upi?"

"Hata mmoja. Pua yangu ilikuwa imekufa. Nilikuwa nasoma vitambaa. Ulipouliza ni wa nani, nilitaja chekundu na sikujua."

Hata Mama Kendi kibandani aliacha kufunga miraa. Kisha Darmi akawaka. "Yaani mimi nimemrudishia mama mzee maziwa mazuri? Mara mbili? Mtungi umejaa! Buke! Ungesema tu! Ungesema neno moja!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungesema!"

Alizunguka, akapiga teke ndoo, ndoo ikamwagia miguu yake mwenyewe maji. Mtu mmoja akacheka kwa bahati mbaya, halafu wote, halafu hata yeye. Akaketi juu ya mtungi.

"Siku ile hospitalini ulisema watu walikuwa kama picha?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mimi pia. Baada ya mazishi. Siku mbili, tatu. Nilikuwa naona mdomo wa mtu unacheza lakini yeye hayuko. Nikapiga kelele, nikalia, nikalala, ikaisha. Nilidhani ni kitu cha kila mtu."

Nimefikiria sana maneno hayo. Ni mama mmoja, kifo kimoja, nyumba moja. Kwake kilipita kama mafua, kwangu kikajenga nyumba. Lakini nisiseme kwamba kupiga kelele ni dawa. Kuna jirani yetu mkimya kuliko mimi, amezika wawili, na hajawahi kuona hata kidole chake kuwa kigeni. Na Darmi ana presha.

Kikundi kiliniondoa kwenye kunusa. Ilikuwa haki. Niliosha mitungi na kufukiza, na mama mwingine akanusa. Sikufukuzwa, na hakuna aliyeniita mwendawazimu, angalau mbele yangu.

Nilipanda ile pikapu ya maziwa ikirudi Kulamawe na mitungi mitupu, nikaenda kwa Ako Gumato. Nilimkuta anatengeneza kamba. Nilimwambia yote, nikiwa nimeangalia chini. Alisikiliza bila kuacha kamba.

"Kwa hivyo ni pua iliyokuwa mgonjwa," akasema, "si ngamia wangu."

"Si ngamia wako, Ako. Nisamehe."

"Nilifukiza ule mtungi mara tatu kwa siku. Nilidhani ni mikono yangu imezeeka. Nikaanza kujinusa vidole."

Hapo kitu kilinipiga kifuani. Nilikuwa nimempa ugonjwa wangu, kujishuku. Na niliuona uchungu huo karibu, hapa hapa, haukuwa kwa jirani tena. Sikufurahi, maana haukuwa wakati wa kufurahi, lakini niliutambua.

Akaendelea, "Nimesamehe. Nitaleta maziwa tena. Siku utakaporudi kunusa, mtungi wangu uwe wa kwanza. Na usinihurumie. Yakiwa mabaya, sema mbele ya watu, kama ulivyosema uongo mbele ya watu."

Kupona hakukuja kwa siku moja. Kulikuwa na asubuhi nyingi za moshi ambao sikuusikia. Halafu moja, sikuwa nafikiria kitu, Talaso alikuwa ananiuliza soksi yake iko wapi, kijiti kikatoa moshi mwingi, ukanikata pua nikapiga chafya mara tatu. Na nyuma ya chafya ikaja harufu. Ejersa. Ilikuwa harufu ya nguo za mama, shingo ya mama, mkono wa mama ukinifunika. Nilikaa chini nikalia na kijiti mkononi, na Talaso akasema, "Soksi si muhimu, Mama."

Nitakuwa mwongo nikisema nilipona hapo. Mchana wake kile kioo kilirudi. Kesho yake pia. Lakini kilikuwa na mwanya, na mwanya uliendelea kupanuka. Hata sasa nikichoka sana mikono huenda mbali kidogo. Siikimbilii. Naendelea na kazi, inarudi yenyewe.

Baada ya miezi mitatu Darmi alisema nirudi kunusa, yeye akisimama karibu. Pikapu ilifika. Nilitafuta kitambaa chekundu, nikauvuta mtungi mbele. Akina mama wote walisogea, kwa sababu habari ya Ako Gumato kila mtu alikuwa anaijua.

Nilifungua kifuniko nikainama. Moshi mzuri, wa mara tatu. Nikangoja. Chini ya moshi, nyuma kabisa, kulikuwa na ukali mdogo. Nikadondosha tone kwa kiganja, kile chenye kovu la sufuria, nikaonja.

Mungu wangu. Yalikuwa yameanza.

Mama huyu nimemdhulumu mbele ya watu, leo ni siku yake ya kusafishwa jina, na mimi nimrudishie tena? Nilimsikia yule Buke wa zamani akisema, sema Nairobi, yatachanganyika, labda hayataharibu, labda pua bado ni mgonjwa, wewe ni nani. Nikarudi kwa moshi. Nikanusa tena. Ulikuwepo, ule ukali.

"Susa," nikasema.

Darmi akasogea. "Una uhakika?"

Katika maisha yangu sijui kama nimewahi kujibu swali hilo hivi. "Nina uhakika."

Akaonja. Akatikisa kichwa kukubali, akaubeba mtungi mwenyewe akauweka kando.

Nilimpigia Ako Gumato simu mara moja, kabla mtu mwingine hajamwambia. Nilimwambia, "Ako, leo yako ni susa." Nikafumba macho.

Nikasikia kicheko, kile cha mtu asiye na meno ya mbele. "Alhamdulillahi! Sasa najua pua imerudi."

"Ako, ulifanya makusudi?"

"Maziwa yalikaa juani kidogo. Jua ni la Mungu. Kesho nitaleta mazuri."

Kesho yake yalikuwa mazuri. Mpaka leo sijui ukweli wa lile jua, na yeye hasemi.

Nashukuru Mungu. Namshukuru dada yangu na kelele zake, sheikh aliyejua mahali dua inahitaji mwenzake, daktari, ndugu Ekiru, Halake ambaye sasa naambiwa amezoea kusikia hapana, na Mama Kendi ambaye siku hizi ananipa chai. Namshukuru Ako Gumato kuliko wote.

Ushauri wangu ni mdogo. Kama unajiona uko mbali na mwili wako, hauko peke yako na pengine hujawa mwendawazimu, lakini mwache daktari ndiye aseme, si mimi. Sema unachotafuna na unachokunywa. Usijichome. Kama wewe ni mkimya, usijaribu kuwa mtu mwingine, ila tafuta mtu mmoja umwambie mapema, kabla hujaanza kusoma vitambaa. Na kama una mtu nyumbani anayesifiwa kwa kutulia, muulize mara mbili.

Jina likiitwa, ingia. Ukiulizwa una nini na huna neno lake, sema hivyo hivyo, huna neno lake. Mlango ni ule wa mwisho. Ndugu Ekiru hatacheka.